Majani Niliyoyaamsha kwa Maji ya Ziwa

Siku ya walima wa binti yangu Mariamu, kwenye mkeka wa ndani, tulikaa hivi. Mimi, Tatu binti Kasimu, mwenye nyumba. Kulia kwangu Zainabu, kifungua mimba wangu. Kushoto kwangu Jozefina Nduwimana, mke wa mwanangu Hamisi, mkimbizi aliyevuka ziwa kwa mashua kutoka Burundi, na siku hiyo mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Mbele yangu Bi Mgeni, dada wa marehemu mume wangu. Karibu na mlango Mama Yohana, jirani yetu Mkristo, kwao Kalinzi, ambaye hakuwahi kukosa shughuli yetu hata moja. Mwanaidi aliyepika pilau hakukaa, alikula amesimama huko huko jikoni. Salima, mama wa bwana harusi, alitoka Mwamgongo kwa boti, injini ikawazimikia njiani, akafika tumekwisha kula na kunawa mikono. Na Mariamu mwenyewe alikuwa chumbani, hakutia chakula kinywani kwa haya ya bibi harusi.

Nawataja wote kwa sababu majina haya ndiyo yaliyokuja kunihukumu. Sikusoma sana, niliacha shule darasa la pili, na kuandika vizuri nimejifunzia kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini Mungu alinipa kichwa cha kushika watu. Niulize nani alikuwa kwenye msiba gani, amekaa wapi, amekula nini, nitakwambia.

Ninaandika sasa kwa sababu mwezi uliopita binti mmoja hapa Rusimbi alikuja kwangu macho yake yamekuwa ya manjano, ana mimba, na mama mkwe wake amemtengea sahani. Nilipoiona ile sahani nilikaa chini.

Basi nianze na bustani.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Wenye umri wangu mnakumbuka. Kila mashua iliyotia nanga ilishusha watu, wamebeba magodoro, wamebeba wazee mgongoni. Walilala ufukweni siku nyingi kabla ya kuchukuliwa kambini. Vyoo havikuwapo, na nani angemlaumu mtu aliyekimbia na roho yake tu. Wakaja pia wageni wa kutoa misaada, wazungu na watu wa mikoa mingine, nyumba za kulala wageni zikajaa. Hao wageni walitaka saladi.

Sisi hatukuwa watu wa saladi. Huku mboga ni sombe, yale majani ya muhogo, yanatwangwa, yanatiwa mawese, yanakaa motoni mpaka jua linapinduka. Lengalenga, yaani mchicha, tunachemsha. Kabichi tunakaanga. Jani bichi ni la mbuzi. Lakini nilikuwa mjane, nina kibustani bondeni, njiani kushukia ziwani, na mpishi wa nyumba moja ya wageni akanipa mbegu. Ile saladi ikakubali udongo wangu. Ikachanua mikunjo mikunjo kama kitambaa cha lasi. Nikawa napeleka kule kwa wageni kila siku ya pili, na watu wakaniita Mama Saladi.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Jani la saladi halina uvumilivu. Jua la saa nne likilipiga linalala kama mtu aliyezimia. Mwenye kuuza hawezi kupeleka majani yaliyolala. Kwa hiyo nilikuwa nikivuna nashuka nayo mpaka pale kijito kinapoingia ziwani, nayatumbukiza fungu kwa fungu, nayakung'uta, nayafunika kwa gunia lililolowa. Baada ya muda mfupi yanasimama tena, unadhani yamevunwa wakati huo. Tulikuwa tukiita kuamsha mboga. Mama zetu waliamsha lengalenga hivyo hivyo na bibi zetu kabla yao, na hakuna aliyedhurika, kwa sababu lengalenga ilikuwa inakwenda kwenye chungu. Moto ulikuwa unatulinda na hatukujua kuwa ni moto. Tulidhani ni ziwa. Tulisema ziwa halichafuki, ziwa linajiosha lenyewe.

Mama Yohana alikuwa akinikuta pale akipita na ndoo yake, ananicheka. "Bibi Tatu, unazibatiza tena? Mimi mwenyewe nilibatizwa mara moja tu ikatosha."

Namjibu kwamba zangu zina dhambi nyingi.

Siku ya walima niliamka mapema nikavuna mafungu yote mazuri. Mengi yalikwenda kwa wageni. Yaliyobaki yalitosha sinia moja, la mkeka wa ndani. Nikayapitisha kwenye maji ya kijito, nikayakatia nyanya na vitunguu, nikakamulia ndimu. Nilijivuna, siwafichi. Nilitaka ukoo wa mume wangu uone kwamba mjane wa ndugu yao anakula chakula cha hotelini.

Sinia lilipowekwa, Mama Yohana alikunja midomo. Alisema kwao Kalinzi hata mbuzi wa heshima huchagua. Watu wakacheka. Bi Mgeni akala, Zainabu akala, mimi nikala. Jozefina, sisi tulimwita Fina, alichukua wali tu. Nikamwuliza mbona huli majani yangu. Akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, kwamba iwacu, yaani kwao, majani hupikwa.

Nikamwambia, "Kula, mwanangu. Usiniaibishe mbele ya mawifi."

Alikuwa ananiita mabukwe, ndiyo mama mkwe kwa lugha yao. Alisema "Sawa, mabukwe," akachota. Akala mpaka akamaliza sehemu yake, na akaongeza kidogo ili nione. Adabu ile.

Ikapita kama mwezi mmoja na wiki. Huku kwetu tunahesabu kwa dagaa: wavuvi waliingia giza wakavua na karabai zao, mbalamwezi ikawatoa, wakaingia giza tena. Wa kwanza kuugua alikuwa Bi Mgeni. Alichoka tu. Alisema mifupa imekuwa maji. Halafu Zainabu, homa na kichefuchefu. Halafu mimi. Nilijua naumwa siku harufu ya mawese iliponifukuza jikoni kwangu mwenyewe. Mimi, mtu wa Ujiji, nikimbie mawese. Migebuka, wale samaki wa ziwa letu, wakikaangwa nyumba ya tatu, mimi huku natapika. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Ubavu wa kulia, chini ya mbavu, ulikuwa mzito kama nimebeba jiwe kwa ndani. Mwili ukawasha mpaka nikajikuna kwa gunzi la mahindi. Nikajitazama kwenye kioo cha Mariamu, nikaona macho yangu yamepakwa bizari.

Fina alikuwa wa mwisho. Alipoanza kutapika tulisema ni mimba. Hilo nalo lilitupotezea siku.

Na siku nyingine tano zilipotea kwa dawa. Bi Mgeni alikuwa na mtu wake wa miti shamba, akatuletea chupa ya kitu kichungu, cheusi, tunywe asubuhi na jioni. Mimi nilikunywa. Fina alikunywa kwa sababu mimi nilikunywa. Baadaye nesi alitwambia kwamba ini letu lilikuwa limechoka na sisi tulikuwa tunalitwika mzigo. Bi Mgeni na Zainabu walianza kupata nafuu wenyewe, bila chupa wala sindano. Mimi na Fina tulizama.

Nyumbani maneno yalikuwa yamekwisha kuanza. Kabla ya walima binamu yake Fina, aliyekuwa analala ufukweni, alikuja kumsalimia, akala ugali, akaondoka. Zainabu akalishika hilo. Akasema ugonjwa umeingia kwa mlango huo, kwamba watu wa mashua wamekuja nao, kwamba Fina ndiye anayeosha vyombo vyetu. Akamtengea Fina sahani yake, kikombe chake na kata yake ya maji. Sisi sote wanne tulikuwa na macho ya manjano, lakini aliyetengewa sahani alikuwa mmoja.

Fina aliichukua ile sahani akaiosha, akaiinamisha peke yake kwenye kichanja. Na mimi niliona, nikageuza uso. Nilijiambia naumwa, sina nguvu ya kugombana na mwanangu.

Hamisi, anayechonga mitumbwi, aliporudi kutoka Kibirizi na kumkuta mkewe hawezi kusimama, hakuuliza mtu. Alitafuta mkokoteni, akatuweka wote wawili juu ya godoro, akatusukuma mpaka hospitali.

Benchi la kungojea nalikumbuka kuliko daktari. Lilikuwa la mbao, mguu mmoja umewekewa tofali. Ukikaa upande ule unayumba, kwa hiyo wagonjwa tulisogeana upande wa pili tukabanana. Tulikaa kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Kulikuwa na mwanamke wa Kimanyema mwenye mtoto wa kifafa, na mzee wa Kiha ambaye kila jina likiitwa aliinuka, hata la mwanamke, kwa hofu ya kupitwa. Fina alilaza kichwa begani kwangu. Alikuwa anapumua harufu tamu, mbaya, kama ndizi zilizooza. Walipoita jina lake walilivunja vunja, "Nduwa, Nduma," akatabasamu. Akanieleza jina hilo maana yake mimi ni wa Mungu. Akasema, "Wacha walivunje, mabukwe. Mwenyewe analijua."

Wodini vitanda vilikuwa vichache. Tukapewa kimoja, tukalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake na miguu yangu kichwani pake. Miguu yake ilikuwa imevimba, nikaipangusa kwa kitambaa kilicholowa. Mtoto tumboni alikuwa anacheza, nilikuwa namsikia kwa paja langu.

Dripu ya kwanza tulitundikiwa siku hiyo. Ya pili kesho yake. Nesi wetu alikuwa Veronika, mtu wa Iringa, mfupi, anatembea upesi, hapendi kelele. Alitwambia wazi kwamba ugonjwa huu hauna sindano ya kuuondoa. Ni maji, mapumziko, uji, na kungoja ini lijipe nafuu. Kwangu alikuwa na matumaini. Kwa Fina alinyamaza, na nikajua kunyamaza kule. Kuna ugonjwa wa ini, alisema baadaye, ambao mtu mzima anaupita, lakini ukimkuta mwanamke mwenye mimba kubwa unamwangukia kwa uzito wote.

Siku ya tatu Nesi Veronika alivuta kigoda akakaa kando ya kitanda, ana karatasi. Aliuliza mwezi mmoja na zaidi uliopita tulikula wapi pamoja. Alisema wengi anaowauliza hawakumbuki hata jana. Nikamwambia mimi nakumbuka. Nikamtajia walima. Nikamtajia mkeka, nani kakaa wapi, kama nilivyowatajia nyinyi. Akawa anaandika. Halafu akaniuliza nani anaumwa, nikasema: mimi, Fina, Zainabu, Bi Mgeni. Nani hakuumwa? Mama Yohana. Mwanaidi. Salima. Mariamu.

"Hao wanne wazima, ni kitu gani hawakula?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Pilau walikula, Mwanaidi na Mama Yohana na Salima. Nyama walikula. Maji ya mtungi tulikunywa wote, hata Mariamu. Mama Yohana alikataa nini? Salima alikuta nini kimekwisha? Niliona sinia likipita mbele ya macho yangu, kila mkono ulioingia na kila mkono uliojizuia. Nikafunga mdomo.

Nesi akadhani sikumbuki. Akaniambia ninyi mnakaa Ujiji, lakini nina wageni wawili kule nyumba ya wageni nao macho yamewageuka, na hawajawahi kukanyaga kwenu. "Nashindwa kuona kilichotoka uani kwako kikafika mezani kwao."

Mimi nilikuwa naona.

Nilimwuliza tu, ugonjwa huu unakaa wapi. Akanieleza kwa lugha ya mtu wa darasa la pili. Ni kirusi, kidudu kisichoonekana. Kinatoka kwenye choo cha mgonjwa, kinaingia majini, au kwenye mikono isiyonawa. Kikishika jani lenye mikunjo kinajificha humo. Ukisuuza kinapungua, hakitoki chote. Na ukisuuza kwa maji yale yale yenye kirusi, wewe mwenyewe ndiye umekipaka. Kinachokiua ni moto. Nikamwuliza, na ziwa? Akasema, "Mama, pale kijitoni watu wangapi wamejisaidia tangu mashua zianze kuja?"

Alasiri Zainabu alikuja na uji. Yeye alikuwa ameanza kupona, njano imebaki kwenye kona za macho. Alikuwa na vikombe viwili, changu cha nyumbani na kile cha Fina kilichotengwa, amekifunga kwenye mfuko wake peke yake. Fina alikuwa amesinzia. Nikamwambia Zainabu yote kwa kunong'ona. Majani, kijito, gunia. Nikamwambia si Fina, si binamu yake, ni mkono wangu.

Alikoroga uji uliokwisha kupoa.

"Mama, nyamaza," akasema. "Watu wamekwisha sema ni Fina. Ukisema ni wewe, utauza mboga kwa nani tena? Fina akipona yatasahaulika."

Nami nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza. Nilijipa sababu: nimechoka, Fina amelala, kesho nitamwambia akiwa macho. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja, miguu yake mkononi mwangu, sikumwamsha. Majani niliweza kuyaamsha.

Asubuhi hakuwa yeye. Alikuwa anatazama dari anazungumza Kirundi na watu tusiowaona, mara anamwita mama yake, mara anahesabu kitu. Alimsukuma Nesi Veronika, yeye Fina ambaye hakuwahi kumsukuma hata kuku. Mchana uchungu ukaja kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mwanamume. Hakulia. Nesi alimfunga kwenye kipande cha kanga yangu, maana hatukuwa tumenunua kitu, akanionyesha uso mara moja. Alikuwa na paji la Hamisi.

Fina aliishi siku mbili baada ya hapo, kama kuishi ndiko kule. Nilisogea kitandani, nikageuka, kichwa changu kikawa karibu na chake. Nikamwambia sikioni. Nilimwambia kwa Kiswahili, halafu nikajaribu kwa Kiha changu kibovu, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Nikamwambia majani yalikuwa yangu, maji niliyachagua mimi, na wewe ulikataa nikakulazimisha. Si wewe, mwanangu. Si watu wako. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu na ulikaza kidogo. Nesi alisema wagonjwa wa hali ile mikono hukaza yenyewe. Nimelifikiria hilo miaka yote.

Alikata roho wakati wa adhana ya alasiri. Dripu ilikuwa bado nusu.

Mama Yohana ndiye aliyemtafuta katekista, na wanawake wa Kikristo wakamwosha, kwa sababu sisi tulikuwa hatujui wimbo hata mmoja wa kwao. Nesi Veronika hakutaka nitoke, nilikuwa bado natembea kwa kushika ukuta. Nikamwambia kuna neno nimelichelewesha, likichelewa tena litaniua kabla ya ini. Akaniruhusu, akanipa barua ya kurudi.

Matangani nilikuta kile nilichokiogopa. Binamu yake Fina amekaa peke yake karibu na banda la kuku. Hakuna aliyempa chai. Wanawake wanasogeza watoto wao akipita. Nikamwomba Mwanaidi anishike kiuno, nikasimama. Nikawataja. Nikaanza na mimi, Tatu binti Kasimu, mwenye nyumba. Kulia kwangu Zainabu. Kushoto kwangu Jozefina Nduwimana. Nikataja aliyekula majani na aliyeyakataa, aliyeugua na aliye mzima, mmoja mmoja, na kila niliyemtaja alikuwapo pale akiniangalia, ila mmoja. Nikasema maji yalitoka wapi. Nikasema nani alimwambia nani ale.

Bi Mgeni akasema, "Wifi, homa inakusemesha." Zainabu aliinamisha kichwa. Mama Yohana alinyanyuka, akamimina chai kwenye kikombe changu cha nyumbani, akampelekea yule binamu, akakaa naye.

Hamisi alikuwa upande wa wanaume, ukuti tu ukitutenga. Alisikia yote. Alikuja akasimama mbele yangu, vumbi la kaburi bado viatuni. Nilitaka anipige, Mungu anisamehe. Alisema neno moja.

"Alikuwa hapendi, mama. Alikula kwa ajili yako."

Kesho yake alikwenda bondeni akang'oa saladi yote kwa mikono, akaifukia. Halafu akahamia Mwamgongo kuchonga mitumbwi. Masika mawili yalipita hajala nyumbani kwangu. Alikuwa anakuja, ananisalimia shikamoo, anakaa juu ya kigogo nje, anaondoka.

Mimi nilirudi hospitali siku kumi zaidi. Nililala kitanda kile kile, sasa na mgonjwa mwingine, msichana wa malaria, naye alikuwa na miguu mizuri yenye afya na sikuweza kuitazama. Njano ilitoka polepole, kwanza usoni, mwisho machoni. Nywele zilizonyofoka mbele hazikurudi. Hamu ya mawese ilirudi mvua za kwanza zilipoanza, nikalia jikoni kwa sababu nilisikia njaa.

Mpishi wa nyumba ya wageni nilikwenda kumwambia kwa mdomo wangu. Alikasirika, na ilikuwa haki yake. Wale wageni wawili walipona. Mbogamboga nilirudi kulima, ila lengalenga na sombe tu, na kila mnunuzi namwambia apike. Wanawake wenzangu wa bondeni walinicheka, halafu mmoja mmoja wakaacha kuamshia mboga kijitoni. Wakaanza kupanda kilimani kuteka maji ya bomba. Si wote. Wengine mpaka leo nawaona wakitumbukiza. Nawafuata huko huko na fimbo yangu, nawaambia habari ya Fina, wananiita Bibi Moto.

Kwa hiyo wewe unayesoma, na hasa wewe mwenye mimba, au mwenye mke au mkwe mwenye mimba: jani lipitie motoni. Hakuna jani bichi linalostahili roho yako. Mwenye kung'ang'ania saladi, basi ajue imemwagiliwa na nini na imeamshwa kwa maji gani, aioshe jani moja moja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye chombo safi, na ajue kwamba hata hivyo amepunguza tu. Ukitoka chooni, sabuni, hata kama umechoka. Ukiugua njano, usipikie watu mpaka uambiwe umepona. Chupa nyeusi ya miti shamba iache. Na ukiona macho ya mwenye mimba yamegeuka usingoje siku tano wala moja, msukume kwa mkokoteni.

Na mgeni akikataa kitu kwa adabu, mwache akatae. Usimpe "usiniaibishe." Aibu yangu ingekwisha siku ile ile, kabla pilau halijapoa.

Hamisi alirudi kula kwangu kiangazi cha tatu. Alikaa mkekani bila kukaribishwa, nikamwekea ugali wa muhogo na sombe. Akashika tonge, akalisimamisha hewani, akaniuliza, "Imechemka, mama?" Nikasema imechemka tangu asubuhi. Akala. Ana mke mwingine sasa na watoto wanne, na mpaka leo, nywele zake zimekuwa nyeupe kama zangu, kila akikaa kwenye mkeka wangu huuliza swali hilo. Nami hujibu.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na mimi ni mzee. Salima wa Mwamgongo bado yuko hai, Mwanaidi yuko hai, Zainabu yuko hapa hapa Rusimbi. Kama nimekosea nani alikaa karibu na mlango, kama kitanda kilikuwa cha dirishani au cha ukutani, kama yule mwanamke wa Kimanyema hakuwa Mmanyema, njooni mnisahihishe, nitafuta na kuandika upya. Kama binamu yake Fina anasoma haya, popote alipo, kambini au kwao, naye anisahihishe, ana haki kuliko wote.

Ila pale nilipoandika maji yalitoka wapi na nani alimwambia ale, nawaomba msinisahihishe. Wengi wamejaribu, kwa huruma. Hapo sijasahau.